Mkono umekwisha kuzoea: kwa nini toleo jipya la programu huria huzua ugomvi

Simu iliita saa moja kasoro asubuhi, mwezi wa Julai, katika ile baridi ya Mbeya inayomfanya mtu atoe mkono mmoja tu nje ya blanketi. Mpigaji alikuwa mama mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi Mwanjelwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba haraka haraka, kisha akauliza: "Fundi, jana usiku umeifanyia nini mashine yangu? Kila kitu kimehama."

Nilikuwa nimeiwekea toleo jipya la mfumo. Miaka miwili kabla nilimwekea mfumo huria kwenye ile kompyuta, na usiku ule, kwa kuwa bando la usiku ni nafuu na mtandao unakimbia, nikaona nimfanyie wema bila kumwambia. Jina la mfumo silitaji, maana kosa lilikuwa langu. Nilipofika dukani nilikuta watu saba kwenye foleni, wengi wao wazazi walioshika fomu za kujiunga na shule. Ule upau wa chini aliozoea kuubofya ili aruke kutoka barua moja kwenda nyingine haukuwepo. Menyu ilikuwa imehamia kona ya juu kushoto. Kitufe cha kushusha dirisha kilikuwa kimeondolewa. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzima, tena inawaka haraka kuliko jana yake.

Hadi nafanikiwa kumrudishia upau wake ilikuwa saa sita mchana, na foleni ilishahamia duka la jirani. Hakunigombeza. Alisema tu, huku akihesabu chenji: "Mwanangu, sisemi hii mpya ni mbaya. Nasema ile ya zamani nilikuwa siitazami."

Katika miaka yangu yote ya kushika kompyuta za watu sijasikia maelezo bora ya jambo ambalo limewagombanisha watengenezaji na watumiaji wa programu huria kwa karibu miaka 30. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani, yaani msimbo, yako wazi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyabadili na kuwagawia wengine. Firefox ya kuvinjari ni huria, LibreOffice ya barua na mahesabu ni huria, GIMP ya picha, VLC ya video, na mifumo mizima ya kompyuta kama Ubuntu, Debian na Linux Mint. Nyingi ni bure pia, lakini uhuria ni jambo kubwa kuliko bei, na tutaona mbele kwamba ndio unaofanya ugomvi wake usifanane na ugomvi wa programu za kununua.

Kila toleo kubwa likitoka, kelele hupanda. Wapo wanaoshangilia, wapo wanaotukana, wapo wanaoapa kuhama na kesho yake bado wapo. Watengenezaji husema watumiaji hawapendi mabadiliko. Watumiaji husema watengenezaji wana kiburi. Kauli zote mbili ni za mtu aliyechoka kusikiliza.

Kile alichokuwa hakitazami

Mwangalie fundi cherehani barazani. Mguu unakanyaga, mikono inasogeza kitambaa, mdomo unapiga soga na mteja. Hajui tena kwamba anakanyaga. Sasa mtu aje usiku akihamishe kile kikanyagio kutoka mguuni hadi gotini, tena kwa nia njema, kwa kuwa amefanya hesabu akaona goti litachoka polepole kuliko mguu. Huenda hesabu yake ni sahihi. Lakini siku hiyo gauni la bibi harusi halitaisha.

Mtengenezaji huitazama programu kutwa nzima, ndiyo kazi yake. Mtumiaji hutazama barua, picha, daftari la mauzo. Programu ikimfaa kweli, hutoweka machoni pake. Toleo jipya huirudisha mbele ya macho, na hapo ndipo hasira inapozaliwa. Wala si hasira ya mtu mvivu wa kujifunza. Yule mama alijifunza mwenyewe, usiku kwa usiku, bila mwalimu, mpaka vidole vikashika. Kujifunza alikwisha kujifunza. Hicho ndicho alichonyang'anywa.

Mfano unaoonyesha hili waziwazi ni wa GIMP toleo la 2.8, lililotoka Mei 2012. Kabla ya hapo ulikuwa ukifungua picha ya JPEG, unaikata, unabofya kuhifadhi, imekwisha. Kuanzia 2.8, kuhifadhi kukawa ni kwa faili la aina ya GIMP yenyewe tu, lile la XCF. Ukitaka JPEG, sharti uende sehemu nyingine ya menyu, ile ya kutoa faili kwenda nje. Watu waliwaka kweli kweli.

Watengenezaji walikuwa na sababu, na sababu yenyewe ina uzito. Picha inayofanyiwa kazi kubwa huwa na matabaka: mandhari chini, mtu katikati, maandishi juu. Ukiihifadhi kama JPEG matabaka yote hushindiliwa kuwa moja, na kesho huwezi tena kusogeza maandishi bila kuharibu uso wa mtu. Walikuwa wamechoka kuona watu wakipoteza kazi ya siku nzima namna hiyo. Kwa hiyo wakaitenganisha njia ya kazi na njia ya bidhaa.

Ila sasa mfikirie mpiga picha za pasipoti pale Kabwe. Hana matabaka. Ana sura, ana mandhari ya buluu, ana mteja anayewahi gari la Tunduma. Anafungua, anakata, anahifadhi, anachapa, mara 60 kwa siku. Kwake ule mlango mpya ni hatua ya ziada mara 60, na onyo analosomewa kila mara kuhusu kupoteza kazi halimhusu. Wote wawili wana haki. Programu ni moja, kazi ni mbili, na aliyeisanifu alikuwa akiiwazia kazi moja kati ya hizo. GIMP haikurudi nyuma. Mpangilio ule ule ulibaki katika 2.10 ya mwaka 2018, na upo katika 3.0 iliyotoka Machi 2025. Waliobaki walijifunza kwamba ipo pia amri ya kuandika moja kwa moja juu ya picha ya awali, vidole vikashika upya, kelele zikafifia.

Msingi ukibomolewa

Kuna watu huuliza swali la haki kabisa: kwa nini wasiache tu? Kitu kinafanya kazi, mnakigusia nini?

Jibu liko chini ya sakafu, mahali ambapo mtumiaji haoni. Programu ya mezani haichori vitufe na madirisha yake yenyewe. Huyachukua kwenye bohari. Bohari mbili kubwa kwenye Linux, yaani ile familia ya mifumo huria ya akina Ubuntu na Debian, huitwa Qt na GTK. KDE, mazingira ya mezani (yaani meza nzima unayoiona ukiwasha kompyuta: madirisha, menyu na upau) yaliyoanzishwa na Matthias Ettrich mwaka 1996, yamejengwa juu ya Qt. GNOME, mazingira mengine yaliyoanza mwaka uliofuata, imejengwa juu ya GTK. Bohari ikihamia toleo kubwa jipya, lile la zamani hubaki bila mtu wa kuziba matundu ya usalama, bila mtu wa kulifundisha kuzungumza na vioo na kadi mpya za michoro. Unaweza kukaa kwenye nyumba ambayo msingi wake hautunzwi tena. Kwa muda.

KDE 3.5 ilikuwa nyumba ambayo watu waliipenda mno. Ilisimama juu ya Qt 3. Qt 4 ilipokuja, watengenezaji waliamua kuhama na kuandika upya sehemu kubwa, na tarehe 11 Januari 2008 wakatoa KDE 4.0. Wenyewe walisema kwamba hii ni hatua ya kwanza, msingi wa kujengea, bado haijawa ya watu wote. Meza ilikuwa ikizimika ovyo, mipangilio mingi ya 3.5 ilikuwa bado haijaandikwa upya. Hata hivyo Fedora 9, mfumo mwingine wa Linux, Mei mwaka ule ule, iliwapa 4.0 watumiaji wake wa KDE. Linus Torvalds, aliyeanzisha kiini cha Linux mwaka 1991, alisema hadharani kwamba ameiacha KDE na kuhamia GNOME kwa sababu hiyo. Mambo yalianza kutulia ilipotoka 4.2, Januari 2009.

Nadhani kilichowaponza pale ni namba kuliko msimbo. Kwa mtengenezaji, 4.0 maana yake ni kwamba msingi umebadilishwa na yaliyojengwa juu ya 3 hayatashika hapa. Kwa mtumiaji wa kawaida, 4 ni kubwa kuliko 3, basi ni bora kuliko 3, kama simu mpya dukani. Namba moja, lugha mbili. Hakuna tangazo lolote, hata liwe refu kiasi gani, linaloweza kuishinda namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya mlango.

GNOME 3 ilikuwa kisa tofauti kabisa, na watu hukosea wanapovifananisha. Ilitoka tarehe 6 Aprili 2011, na haikuwa nyumba isiyoisha. Ilikuwa wazo jipya. Upau wa madirisha uliondolewa. Kitufe cha kushusha dirisha kiliondolewa. Badala yake unapeleka kipanya kona ya juu kushoto, madirisha yote yanajipanga mbele yako, unachagua. Lengo lilikuwa kumpunguzia mtu vitu vya kumvuruga macho. Torvalds naye aliikataa hii kwa maneno makali, akahamia Xfce, mazingira mengine ya mezani, kisha baada ya muda akarudi GNOME.

Kilichoongeza maumivu ni kwamba mwezi huo huo wa Aprili, Ubuntu 11.04 iliacha mpangilio wa GNOME uliozoeleka na kuweka wake, ulioitwa Unity. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ndiyo iliyokuwa imewaingiza wengi wetu kwenye mambo haya. Walikuwa wakituma diski bure duniani kote hadi 2011. Ya kwangu ilifika posta kwa sanduku la jamaa yangu, ikiwa ndani ya bahasha ngumu, na nilitembea nayo kutoka mjini mpaka Soweto nikiogopa kuikunja. Sasa ndani ya mwezi mmoja mtu aliyezoea mpangilio ule alikuwa na milango miwili mbele yake, na yote ilimpeleka ugenini.

Na hapa ndipo uhuria unapofanya kazi yake. Programu ya kununua ikikubadilikia, unakubali au unaondoka. Katika programu huria kuna njia ya tatu: kuchukua msimbo wa zamani na kuuendeleza kwa jina jingine. Mtumiaji mmoja wa Argentina alifanya hivyo na GNOME 2 mwaka huo huo wa 2011, akaiita MATE, jina la kinywaji cha majani kinachonywewa sana kwao. Watu wa Linux Mint wakatengeneza Cinnamon: bohari mpya chini, mpangilio wa zamani juu. KDE 3.5 nayo ilipata warithi, mradi wa Trinity, ambao upo hadi leo.

Tawi jipya halilelewi bure, hata hivyo. Anayechukua msimbo anachukua na madeni yake. MATE, iliyozaliwa ili watu wasihame, ililazimika yenyewe kuhama polepole kutoka GTK 2 kwenda GTK 3, kazi iliyokamilika katika toleo la 1.18 mwaka 2017. Walibaki na sura ile ile juu ya msingi mpya. Waliofanya kazi hiyo kwa miaka sita bila mtumiaji kuhisi chochote, mimi nawaheshimu kuliko wote katika kisa hiki.

Mwaka huo huo wa 2017, mwezi Aprili, Shuttleworth akatangaza kwamba Ubuntu inaiacha Unity na kurudi GNOME. Ungetegemea shangwe tupu. Lakini yalisikika malalamiko mapya, safari hii ya waliokuwa wamekwisha kuizoea Unity. Baadhi yao waliichukua wakaiendeleza, na mwaka 2022 Ubuntu Unity ilitambuliwa kuwa miongoni mwa matoleo rasmi. Sura ile ile iliyotukanwa 2011 ilililiwa 2017. Mama wa Mwanjelwa asingeshangaa hata kidogo.

Kiazi kimeoza, nani alaumiwe

Kiazi cha Isyonje hupita mikono mingi kabla hakijafika kwenye sufuria. Yupo aliyelima, yupo aliyekishindilia kwenye gunia la lumbesa, yupo aliyesafirisha, yupo mwenye genge. Kikifika kimeoza, mlaji humgombeza mwenye genge, maana ndiye anayemjua. Kwenye programu huria mambo yamepinduka: mlaji humrukia mkulima moja kwa moja, akiwa hajui kwamba katikati kulikuwa na wengine.

Programu hutoka kwa watengenezaji wake, kisha huchukuliwa na wafungashaji, yaani akina Debian, Ubuntu, Fedora na Mint, ambao huamua toleo lipi waliweke, walifunge vipi, wabadilishe nini. Ndipo hufika kwako, mara nyingi kupitia mkono wa fundi kama mimi mwenye flashi mfukoni. Ubuntu 22.04 ilipoleta Firefox ndani ya kifungashio kiitwacho Snap, mwaka 2022, kivinjari kilichelewa kufunguka, hasa mara ya kwanza baada ya kuwasha kompyuta. Wengi walisema Firefox imekuwa nzito. Firefox ile ile ikisakinishwa kwa njia nyingine ilifunguka kama kawaida. Linux Mint, ambayo hujengwa juu ya Ubuntu, ilishaamua tangu toleo la 20, mwaka 2020, kwamba Snap haitaingia yenyewe bila mtumiaji kuitaka. Na katika kisa cha duka la Mwanjelwa, aliyeozesha gunia ni mimi: watengenezaji hawakumwambia mtu yeyote aweke toleo jipya usiku wa kuamkia msimu wa fomu.

Kujua mkono upi uliharibu si suala la adabu tu. Malalamiko yakienda kwa mtu asiye na uwezo wa kurekebisha, hata yawe ya haki kiasi gani, hayarekebishi kitu.

Kelele zipi husikika

Baadhi ya malalamiko hubadili mambo kwa siku chache na mengine hayabadili kitu kwa miaka 10, na idadi ya wanaolalamika haielezi tofauti hiyo.

Juni 2019 Ubuntu ilitangaza kwamba kuanzia toleo la 19.10 haitatoa tena vifurushi vya biti 32, yaani vile vya aina ya kompyuta za zamani. Walidhani ni jambo la wachache wenye kompyuta kuukuu. Kumbe michezo mingi na programu za Windows zinazoendeshwa ndani ya Linux kwa msaada wa programu iitwayo Wine zinahitaji vipande hivyo hata kwenye kompyuta mpya. Watu wa Wine walieleza kitakachovunjika. Kampuni ya Valve, yenye duka la michezo la Steam, ikasema haitaisaidia tena Ubuntu hiyo. Haikupita wiki, uamuzi ukageuzwa, na vifurushi teule vya biti 32 vikabaki. Mwaka 2021 tena, programu ya sauti ya Audacity ilipochukuliwa na kampuni ya Muse Group na kukaja pendekezo la kuingiza ukusanyaji wa takwimu za matumizi, upinzani ulikuwa mkubwa na pendekezo lile likaachwa.

Ukivitazama visa hivi pamoja na kile cha GIMP, utaona jambo. Katika vile viwili vya kwanza walalamikaji walionyesha kitu mahususi: hiki kitavunjika, kwa mtu huyu, kwa sababu hii. Walimwonyesha mtengenezaji jambo ambalo hakuwa amelihesabu. Katika GIMP watengenezaji walikuwa wamekwisha kuihesabu gharama wakaamua kuilipa. Kuambiwa mara 1,000 kwamba gharama ipo hakukuwaongezea habari mpya. "Mmeiharibu" ni neno lisilobeba habari. "Nachapa picha 60 kwa siku na kila moja imeniongezea mibofyo miwili" linabeba.

Hapa nina neno na wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko nyanda za juu. Programu nyingi huria hazikusanyi habari za matumizi, na mimi nashukuru. Matokeo yake lakini ni kwamba mtengenezaji humjua yule tu anayezungumza. Anayezungumza ana intaneti isiyopimwa kwa GB, ana Kiingereza cha kuandika, ana kompyuta ya juzi. Sisi ambao faili la kusakinisha Ubuntu 24.04, lenye zaidi ya GB 5, linamaliza bando la wiki. Sisi tunaotumia mashine zilizotumika ofisini Ulaya miaka mingi kabla hazijashuka kwenye kontena. Sisi ambao umeme hukatika katikati ya usakinishaji: hatumo kwenye mazungumzo. Halafu tunashangaa kwa nini toleo jipya linadhani kila mtu yuko mtandaoni muda wote.

Na tumewahi kuwamo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, iliyojengwa juu ya mzazi wa LibreOffice ya leo. Watu walibishana kuhusu maneno, kwamba hili halizoeleki, lile ni la kitabuni mno. Ubishi huo ulikuwa wa thamani kubwa, kwa sababu ulikuwa wetu na ulifanyika kwa lugha yetu.

Jambo hili limekuwa na haraka zaidi tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai vitu ambavyo mashine nyingi zilizopo mitaani hazina, kikiwemo kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Kwa hiyo wateja wanaoniuliza "ile nyingine ya bure" wameongezeka, na wengi wao watakutana na toleo jipya la kitu huria kwa mara ya kwanza maishani. Kwa hao nasema yale ninayoyafanya sasa mimi mwenyewe.

Chagua matoleo yanayodumu. Ubuntu hutoa toleo la namna hiyo kila baada ya miaka miwili, Aprili ya mwaka shufwa, nalo hupata masahihisho ya usalama kwa miaka mitano. Mint hujengwa juu ya hayo hayo, na Debian huenda kwa mwendo wa karibu miaka miwili pia. Mwenye duka hana sababu ya kufuata matoleo ya kila miezi sita. Ila tofautisha masahihisho ya usalama na toleo jipya: ya kwanza hayahamishi vitufe, na kuyakataa ni kuacha mlango wazi. Kwa kompyuta kuukuu ya biti 32, fahamu kwamba Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake. Debian 12 ndiyo ya mwisho kuwa nacho. Kabla ya kusakinisha chochote, kiwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, mwite mwenye mashine akae afanye kazi yake ya kweli kwa saa nzima, na wewe fundi ukae kimya utazame mikono yake. Piga picha ya meza yake ilivyopangwa. Na usifanye Julai.

Mwaka jana, wakati wa kumwekea yule mama toleo lililofuata, tulifanya hivyo hivyo Jumapili mchana, mlango wa duka umeegeshwa, jiko la mkaa limewekwa karibu na mlango hewa ipite. Alichapa barua tatu akaniambia vidole vyake havina neno. Kisha akasimama. Kila alipofungua kazi mpya ya kuchapa, programu ilimpa karatasi ya kipimo cha Marekani badala ya A4, na mstari wa chini ulikuwa ukikatwa. Nilitaka kumbadilishia kwenye mipangilio nimalize. Akakataa. "Ukinibadilishia mimi, na yule wa Tukuyu nani atambadilishia?"

Tukakaa tukaandika ripoti ya hitilafu. Namba ya toleo, aina ya mfumo, alichobofya cha kwanza, cha pili, cha tatu, alichotarajia, alichopata. Yeye alisema kwa Kiswahili, mimi nikageuza Kiingereza, naye akanizuia mara mbili nilipotaka kuongeza maneno ya hasira ambayo hakuyasema. Siku ya kumi na moja jibu likaja. Mtu mmoja, sijui wa nchi gani, alishukuru na kuuliza modeli ya printa. Nilimpigia mama simu nikiwa Uyole. Nikasikia akimwambia mteja asubiri kidogo, kisha sauti ya printa ikiinuliwa na kulazwa ubavu, na yeye akinisomea namba iliyo chini yake, tarakimu moja moja, mara mbili, nisikosee.